Kutoa silikoni za matiti: je, na moyo nao utapona?

*"Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Bukavu, nauza vitenge. Mwaka 2016 aliyekuwa mume wangu alinipeleka Istanbul nikawekewa silikoni kwenye matiti. Kwa miaka alikuwa akiniambia kwamba kunyonyesha kumenimaliza. Nilikubali, na sahihi niliweka mwenyewe. Nakumbuka nilizinduka nikiwa na maumivu makali kifuani, mkalimani hayupo, wauguzi wanasema Kituruki, nikashindwa hata kuomba maji. Tuliachana 2020. Tangu mwaka jana titi la kushoto limekuwa gumu, limepanda juu, na linauma nikilala ubavu. Daktari wa Kigali amesema ni utando uliobana, na ameshauri silikoni zote mbili zitolewe. Tangu siku ile sipati usingizi. Nikisikia harufu ya dawa za hospitali moyo unaenda mbio. Naogopa kulazwa tena kwa dawa ya usingizi, naogopa kifua nitakachobaki nacho, naogopa na midomo ya watu. Dada yangu ananiambia nilijitakia, na kwamba hapa kwetu kuna wanawake waliofanyiwa unyama na bado wamesimama. Ni kweli anayosema. Mtandaoni nimesoma kwamba silikoni ni sumu, na kwamba nisipotolewa kifuko chote kilichozizunguka sitapona. Je, nikizitoa, moyo nao utapona, au nitaanguka zaidi?"*

Pole sana, dada yangu. Nimekusoma, na humo ndani naona maswali manne na hukumu moja uliyojitolea mwenyewe.

Nianze na swali la mwisho, maana ndilo linalokunyima usingizi. Kwa hali uliyoieleza, kuzitoa kuna uwezekano mkubwa wa kukuondolea ugumu na maumivu ya titi. Lakini yale ya ndoa ile, na yale ya chumba cha Istanbul, hayakai ndani ya silikoni, kwa hiyo hayatatoka pamoja nazo. Wanaoanguka vibaya baada ya upasuaji wa aina hii mara nyingi ni wale waliotarajia kisu kimoja kimalize vyote viwili. Anaamka, titi limepoa, halafu usiku wa tatu anagundua kwamba sauti ya yule bwana bado iko palepale. Anadhani ameharibika. Hajaharibika, ni kazi mbili tofauti, na moja tu ndiyo imefanyika. Ukiliingia jambo hili umezitenganisha, sioni sababu ya kukuambia utaanguka.

Mimi ni mwanasaikolojia, si daktari wa upasuaji. Mambo ya kisu nitayagusa pale tu ambapo taarifa mbovu inalisha hofu yako.

Sasa maneno ya dada yako. Sidhani ana nia mbaya. Tunaishi katika mji ambao Hospitali ya Panzi, tangu mwaka 1999, imepokea maelfu kwa maelfu ya wanawake waliobakwa vitani, na Daktari Denis Mukwege alipopewa Nobel ya Amani mwaka 2018 dunia nzima ilisikia habari zetu. Ukikulia hapa unajifunza mapema kunyamaza, kwa sababu jirani yako ana kubwa kuliko lako. Nakutana na jambo hili kila mara: mtu anakaa kitini, na neno lake la kwanza ni kuomba radhi kwamba shida yake ni ndogo. Mjane anajilinganisha na aliyezika watoto, aliyezika watoto anajilinganisha na aliyebakwa, na aliyebakwa ananiambia afadhali yeye, wenzake hawakurudi. Ifuate foleni hiyo hadi mwisho, hutampata mwenye ruhusa ya kulia.

Ubongo haufanyi hesabu hiyo. Kinacholifanya tukio liache jeraha si cheo chake mbele ya matukio mengine. Ni mambo machache yakikutana kwa wakati mmoja: mwili kuhisi uko hatarini, kushindwa kujitetea au kuondoka, na kutokuwepo mtu wa kukusikia. Wewe ulizinduka kifua kinawaka moto, hujui unachofanyiwa, ukasema na hakuna aliyekuelewa, katika nchi uliyopelekwa na mtu aliyekuwa akikudharau. Mambo yote matatu yalikuwepo. Kwamba asubuhi ile uliweka sahihi hakubadilishi yaliyoupata mwili wako jioni. Mtu anaweza kupanda basi kwa hiari yake, na basi likapinduka.

Na hiyo sahihi yenyewe tuiangalie kidogo. Sisemi hukukubali. Najua wanawake waliowekewa silikoni kwa kupenda kwao, wanazifurahia miaka yote, na sina neno nao. Wala sitaki mtu asome jibu hili akadhani kila mwenye silikoni alilazimishwa. Kwako wewe nauliza swali moja: ungesema hapana, siku iliyofuata nyumbani kwako ingekuwaje? Jibu likiwa "angeniacha", au "angenitukana mbele ya watoto", basi uliridhia ukiwa huna njia nyingine nafuu. Hilo ni jambo la kuhuzunikia, si la kujihukumia.

Halafu aliyekuwa mume wako alikosea hata katika lile tusi lake la kunyonyesha. Tafiti zilizochunguza matiti kulegea zimeona kwamba kinachochangia ni idadi ya mimba, umri, unene na uvutaji wa sigara. Kunyonyesha kwenyewe hakukuonekana kuwa chanzo. Umebeba lawama ya maziwa uliyowapa wanao kwa miaka yote hii, na lawama hiyo haikuwa na msingi wowote.

Tuje mwilini. Kitu chochote kigeni kikiwekwa ndani, mwili hukizungushia utando wa kovu. Hiyo ni kawaida, hutokea kwa kila mwenye silikoni, na kwa wengi utando hubaki mlaini maisha yote. Kwa baadhi hukaza na kuminya, titi likawa gumu, likapanda, likauma. Hakuna ulilofanya vibaya: si kwa kulala vibaya, si kwa kubeba mizigo ya vitenge, na wala si adhabu kutoka juu, ingawa najua kuna makanisa ambako utaambiwa hivyo. Pia silikoni hazikutengenezwa zidumu maisha yote. Mamlaka ya dawa ya Marekani inalisema hilo waziwazi, na tangu 2021 imeagiza mgonjwa aonywe kabla ya kuweka sahihi. Wewe uliwekewa 2016. Nadhani hakuna aliyekuambia. Ukijua hivyo, kuzitoa hakupaswi kuonekana kama kukiri kosa. Hata aliyezitaka kwa moyo wote, siku moja hufika mahali pa kuamua.

Kuhusu sumu: hapa mtandao umechanganya kweli na chumvi. Ni kweli kuna wanawake wenye silikoni wanaolalamika uchovu mkubwa, kusahausahau, maumivu ya viungo na vipele. Hakuna kipimo cha kuthibitisha kwamba silikoni ndiyo chanzo, lakini malalamiko hayo si ya kubuni, na wengi husema walipata nafuu baada ya kuzitoa. Kuhusu kifuko, waliofuatilia wanawake hao waliona nafuu inaripotiwa na waliotolewa utando wote, na waliotolewa sehemu, na hata walioachiwa. Kuutoa wote kwa pamoja bila kuupasua ni lazima pale penye saratani ya utando. Utando uliokaza na kuuma, kama wako, daktari mara nyingi huuondoa wote au sehemu kubwa kwa sababu ya ugumu wenyewe. Lakini ukiwa umegandamana na mbavu, kuung'oa kwa nguvu kunaweza kumwaga damu nyingi au kutoboa ngozi ya mapafu. Hilo mwachie aliye na kisu mkononi, aamue akiwa ameshaona ndani. Usiingie chumbani umeshikilia sharti ulilolipata kwa mtu wa Facebook.

Saratani nimeitaja, kwa hiyo niimalize, isije ikakuongezea usiku mwingine wa kukesha. Ipo aina adimu ya saratani ya chembe za kinga inayotokea ndani ya utando, hasa kwa silikoni zenye uso wa kukwaruza. Ndiyo sababu mwaka 2019 Ufaransa ilizipiga marufuku baadhi, na kampuni ya Allergan ikaondoa zake sokoni duniani kote. Dalili yake ya kawaida ni titi moja kuvimba ghafla kwa majimaji, miaka kadhaa baada ya kuwekewa. Itafute ile kadi uliyopewa Istanbul yenye jina la kampuni na namba, umpe daktari wako. Kama imepotea, mwambie hivyo tu. Na ikiwa umesoma habari za PIP, kampuni ya Kifaransa iliyojaza jeli ya viwandani badala ya ile ya hospitali, bidhaa zake zilizuiwa mwaka 2010, miaka sita kabla yako.

Kwa nini basi hofu imekuvamia sasa, ilhali miaka minane ulikuwa unaendelea na biashara yako? Kumbukumbu ya kawaida huwa na tarehe. Ukikumbuka harusi ya mdogo wako, unajua ilikuwa zamani na imekwisha. Kumbukumbu iliyoingia mtu akiwa katika hofu kubwa huhifadhiwa kwa vipande bila tarehe: harufu ya spiriti, mwanga wa dari, ubaridi wa kitanda, mdomo mkavu. Kipande kimoja kikiguswa, sehemu ya ubongo inayotutahadharisha huitikia kana kwamba jambo linatokea leo. Moyo unakwenda mbio kabla hata hujajua unaogopa nini. Na wewe, tangu titi lilipoanza kukaza, umekuwa ukiguswa kila usiku unapojigeuza kitandani. Kisha daktari akasema neno "kuzitoa", na mwili wako ukasikia: tunarudi kule.

Hapo kuna mtego ninaotaka uuone. Kila unapokwepa, kwa kutopita karibu na hospitali, kutojitazama au kutoijibu simu ya Kigali, hofu hushuka kwa saa chache, na ubongo unajifunza kwamba kukwepa ndiko kulikokuokoa. Kesho hofu inarudi imeongezeka. Wako wanaoahirisha hivyo mwaka baada ya mwaka huku maumivu yakizidi, wakidhani wanasubiri ujasiri uje. Hauji kwa kusubiriwa. Unakuja kidogokidogo baada ya hatua ndogo za kukaribia.

Hata hivyo sikusukumi. Utando uliokaza, bila uvimbe wa ghafla, wekundu wala homa, si dharura. Una muda wa wiki na miezi ya kujiandaa, na kuujua tu muda huo kunakurudishia usukani ulionyang'anywa mara ya kwanza. Njia zilizo mbele yako ni hizi. Unaweza kuziacha na kufuatiliwa kwa picha za vipimo. Mimi naona itakuwa vigumu ikiwa maumivu yanakuamsha. Unaweza kutoa na kuweka mpya, lakini utando waweza kukaza tena, na sijasikia katika maneno yako hata moja linalosema unazitaka. Unaweza kutoa peke yake. Au kutoa na kuinuliwa matiti hapohapo au miezi kadhaa baadaye, kukiwa na makovu zaidi. Hii ya mwisho ndiyo inayohitaji uaminifu na nafsi yako. Ukitaka kuinuliwa kwa sababu umbo lile unalipenda wewe, hakuna ubaya. Ukisikia ndani yako "nani atanitaka hivi nilivyo", ngoja. Hiyo ni sauti ileile iliyokupandisha ndege mwaka 2016, na ikilipwa mara ya pili haitatosheka.

Kuhusu kifua utakachobaki nacho, sitakudanganya. Siku ya kufungua bandeji ndiyo ngumu kuliko zote, na wengi hawaambiwi. Matiti yatakuwa yamesinyaa, ngozi ina mikunjo, pengine upande mmoja umeingia ndani kuliko mwingine, na rangi ni ya michubuko. Hiyo si sura yao ya mwisho. Ngozi huendelea kujivuta na nyama kujipanga kwa miezi. Madaktari wengi hawatoi hukumu ya umbo kabla ya nusu mwaka. Kwa hiyo panga mapema. Amua nani atakuwepo bandeji inapofunguliwa, na kama hutaki kutazama siku hiyo, mwambie muuguzi afunike. Una haki hiyo.

Anza na kioo tangu sasa, kabla ya upasuaji. Chagua saa ya mchana ambapo hujachoka, funga mlango, vua sidiria, simama dakika mbili. Jieleze kwa sauti kile macho yanachoona bila kukipa alama: "kovu hapa chini, refu kama kidole, upande wa kushoto uko juu, chuchu imeelekea nje." Ukijikuta unasema "baya" au "limeharibika", rudi kwenye rangi, urefu, upande. Kisha weka kiganja juu ya titi linalouma, ukae hivyo hadi pumzi itulie. Ni zoezi dogo, hata la kuchekesha, na wengi huniambia wanaona aibu kulifanya katika nyumba yao wenyewe. Lifanye siku kadhaa. Siku ya bandeji haitakuwa mara yako ya kwanza kuuangalia mwili wako bila kuuhukumu.

Utalia. Unaweza kulia kwa nafuu na kwa msiba ndani ya saa moja: umefurahi zimetoka, na unazililia. Usishangae kulilia kitu ulichokichukia. Unaaga miaka, pesa, na yule mwanamke aliyedhani kwamba akibadilika kifua atapendwa. Wiki mbili za kwanza kutakuwa pia na dawa za maumivu, usingizi wa vipande, mirija ya kutoa majimaji inayoning'inia ubavuni, na kukatazwa kunyanyua mzigo wakati dukani wanakusubiri. Machozi ya siku hizo yasikutishe. Ninaangalia kinachotokea baadaye.

Sasa ile kazi ya pili, ya moyo. Ningependa uianze kabla ya upasuaji, hata kwa mikutano michache. Na hapa sina haja ya kukupeleka Ulaya kutafuta ushahidi. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika katika vijiji vya Kivu, kwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono. Kundi moja lilipata mtu wa kuwasikiliza na kuwasaidia mmojammoja. Kundi jingine lilipitia mikutano 12 ya kuchambua mawazo yaliyokwama baada ya tukio, na mazoezi yalirahisishwa hata kwa asiyejua kusoma. Miezi sita baadaye, waliobaki na dalili kubwa za sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9 katika kundi la mikutano, na asilimia 42 katika lile la kusikilizwa tu. Nakutajia hili kwa sababu mbili. Kwanza, njia hii ilijaribiwa kwa wanawake walewale ambao dada yako anakulinganisha nao, na iliwasaidia bila kumuuliza yeyote kama maumivu yake yanatosha. Pili, inaonyesha kwamba kusikilizwa ni kwema lakini mara nyingi hakutoshi.

Wazo lako lililokwama tayari umeliandika: *nilijitakia*. Tungelichukua hilo moja tulikalie. Siku ile ulijua nini, na nini hukuambiwa? Nani mwingine alikuwa chumbani, na yeye alitaka nini? Binti yako akikujia kesho na hadithi hiyohiyo, utamwambia alijitakia? Hatutafuti sentensi tamu ya kujifariji. Ukiniambia "sikuwa na kosa lolote" nami naona huamini, tutaendelea. Tunatafuta sentensi iliyo kweli. Pengine mwishowe itakuwa: "Niliweka sahihi nikiwa nimechoka kudharauliwa, na hakuna aliyeniambia kwamba hazidumu." Hiyo inauma, lakini unaweza kulala nayo.

Kuhusu kulazwa kwa dawa, hofu yako ina msingi, na ina tiba ya moja kwa moja: kuyaondoa mazingira yaliyoizaa. Mtu mwenye historia kama yako huweza kuzinduka amechanganyikiwa, analia au anapigana, na daktari wa usingizi akijua mapema hupanga dawa na watu ipasavyo. Kwa hiyo mwambie. Omba muda wa kuonana naye siku kadhaa kabla, umweleze yaliyokupata 2016 bila kupunguza. Omba awepo mtu anayesema Kiswahili katika chumba cha kuzindukia. Kigali hilo linawezekana kabisa. Omba muuguzi akuite jina kabla ya kukugusa, kisha akwambie mambo mawili: uko wapi, na kwamba upasuaji umekwisha. Ubongo ulio nusu usingizini huhitaji hasa hayo mawili. Mlio chumbani mkubaliane ishara ya mkono ya "naumwa" na nyingine ya "maji", ikiwa sauti haitatoka. Uliza pia mapema silikoni zako zitapelekwa wapi. Wako wanaotaka kuziona, wako wasiotaka hata kuzisikia. Chochote utakachochagua, kiseme kabla.

Najua kuvuka mpaka siku hizi kuna uzito wake, sitalizungumzia hapa. Lakini usipange kurudi mara tu utakaporuhusiwa. Barabara ya kutoka Kigali hadi mpakani Ruzizi inapita msitu wa Nyungwe, kona juu ya kona, na kila kona utaihisi kwenye mshono. Kaa huko hadi mirija itolewe na daktari akuone tena. Siku ya safari chukua mto mdogo, uuweke kati ya kifua na mkanda wa gari. Na mtu wa kukusindikiza awe unayeweza kulia mbele yake. Kama dada yako hawezi kuacha kauli ile hata kwa wiki mbili, msindikizaji asiwe yeye, ingawa ni damu yako. Mnaweza kuzungumza baadaye, na nadhani ni vizuri mzungumze.

Midomo ya watu: huwajibiki kuwapa hadithi. "Nilipasuliwa, naendelea vizuri" inatosha kwa soko zima, na akiuliza zaidi mwulize habari za watoto wake. Binti zako, kama unao wakubwa, ni jambo jingine. Wao wameona sidiria zako, wamesikia maneno ya baba yao, wanajua zaidi ya unavyofikiri. Waambie kwa ufupi na kwa ukweli, kadiri ya umri wao. Usipowaambia, watabaki na maelezo waliyoyasikia kwa baba.

Kuna hali ambazo maandishi haya hayatoshi. Mwilini: homa, wekundu unaosambaa, usaha, titi kuvimba ghafla na kukaza, au kupumua kwa shida. Ukiwa na mojawapo nenda hospitali siku hiyohiyo, iliyo karibu, si lazima ile ya upasuaji. Moyoni: kama mwezi umepita na bado unaliona tukio kana kwamba ni leo, hulali, unakwepa kila kinacholikumbusha, kama wiki mbili mfululizo huoni ladha ya kitu, huli, hufungui duka, kama unajitazama kwenye kioo saa nzima kila siku au umefunika vioo vyote. Hapo tafuta mtu wa ana kwa ana. Bukavu tuna kituo cha SOSAME kwa magonjwa ya akili, na kuingia pale hakumfanyi mtu kuwa kichaa, najua ndivyo mtaani wanavyosema. Panzi nako wapo wanasaikolojia waliozoea majeraha ya namna hii.

Na ukianza kuwaza kufa, hata kama ni wazo linalopita tu, usilibebe peke yako usiku huo. Nalisema waziwazi kwa sababu tafiti za Uswidi, Denmark na Finland ziliona kujiua kunatokea zaidi kwa wanawake waliowekewa silikoni za urembo kuliko kwa wanawake wengine. Haijathibitishwa kwamba silikoni ndizo zinazosababisha. Kilicho karibu na ukweli, kwa maoni yangu, ni kwamba baadhi yao waliingia chumba cha upasuaji na huzuni ambayo hakuna aliyeiuliza. Wewe sasa unaiuliza mwenyewe, kabla.

Kwa wiki hii nakupa kazi moja tu. Chukua karatasi, andika kwa Kiswahili au Kifaransa mistari sita: kilichokupata ulipozinduka 2016, unachoogopa sasa, lugha unayoielewa ukiwa na maumivu, jina unalotaka kuitwa, mtu atakayekuwa pembeni yako, na kama unataka kuziona silikoni au la. Karatasi hiyo mpe daktari wa usingizi siku mnapoonana mara ya kwanza, usingoje asubuhi ya upasuaji, na mwombe aibandike kwenye faili lako.